Chasing Coral: filimu nzuri yenye kusoma rangi mbio-mbio

Kuna kipande kimoja cha video chenye kuzunguka sana ku WhatsApp: matumbawe ya Nouvelle-Calédonie, chini ya maji, yanawaka zambarau, buluu na kijani kali, sawa vile mtu ameingiza taa ndani yao. Wenye kukituma wako makundi mawili. Wa kwanza wanaandika chini yake: tazameni uzuri wa kazi ya Muumba. Wa pili, wale wenye waliangalia filimu yote, wanawajibu: pole, hayo munayosifu yanakufa. Miye nasema makundi yote mawili yamesoma ile rangi mbio-mbio, na mwenye aliwafundisha kuisoma vile ni filimu yenyewe.

Filimu ni Chasing Coral, ya Jeff Orlowski, yule Mmarekani mwenye alitoa Chasing Ice mu 2012 juu ya barafu zenye kuyeyuka. Chasing Coral ilitoka mu 2017, ikapata zawadi ya watazamaji ku Sundance, kiisha ikaingia Netflix. Kama hauna Netflix (na kati yetu ni nani eko nayo?), hakuna shida: mu 2020 Netflix wenyewe waliiweka YouTube bure. Ni saa moja na nusu tu. Tafuta siku yenye uko na mega za kutosha, uiangalie. Ninaikosoa hapa kwa sababu inastahili kukosolewa. Filimu mbaya huwa naiacha ipite.

Kwanza tuelewane juu ya mnyama mwenyewe. Neno matumbawe tumelipokea toka kwa watu wa pwani, wenye kuyajua tangu zamani kwa mikono yao: misikiti na nyumba za Kilwa, Lamu na Unguja zilijengwa kwa mawe yake, na mawe hayo yako ukutani mpaka leo. Siye wa huku ndani tuliyakuta shuleni kwa Kifaransa, katika somo la zoolojia, mtihani ukapita, tukasahau. Basi: tumbawe si jiwe, na si mti. Ni mnyama mdogo, polipu, mwenye kukaa kwa maelfu pamoja na ndugu zake, na chini yao wanajenga mfupa wa chokaa. Ndani ya mwili wake anafuga mwani wa seli moja. Ule mwani unapata fasi ya kukaa na mbolea, maana uchafu wa mnyama uko na nitrojeni na fosforasi. Mnyama naye anapata sukari yenye mwani unapika kwa jua, mpaka 90% ya nguvu yenye anahitaji. Yaani ni mkulima na shamba lake mu mwili moja. Maji yakizidi joto kwa majuma, mapatano yanavunjika. Mwani unaanza kumtia mnyama sumu badala ya kumlisha, mnyama anaufukuza, na kwa kuwa nyama yake inapenya mwanga kama kioo, unaona mfupa mweupe chini. Njo huko kupauka kwenye filimu inazungumzia.

Sehemu yenye nilipenda kuliko zote ni ile ya kushindwa. Richard Vevers, mtu mwenye alikuwa anafanya kazi ya matangazo ya biashara kabla ya kuingia baharini, anataka picha za kupauka toka mwanzo mpaka mwisho, siku kwa siku. Wanatengenezewa kamera za kukaa chini ya maji na kampuni moja ya Colorado, View Into the Blue. Wanazipanda mu bahari mbalimbali, wanangoja, wanarudi kuzitoa, na picha zimetoka na ukungu. Filimu nyingine ingeficha hayo. Hii inayaonyesha, kiisha inatuonyesha vijana wanachukua uamuzi wa watu wa shamba: kama mashine imekataa, tutaenda wenyewe. Mu 2016 Zack Rago na wenzake wanaingia majini ku Lizard Island, Australia, kila siku, ku pointi zilezile, pembe ileile, kwa mkono. Mwenye alifanya TFC ya shamba anajua kazi hiyo ni nini. Parseli zilezile, mmea uleule wenye namba, hata mvua inyeshe, hata mkurugenzi wa kazi asipokuja. Wakati picha ya siku ya kwanza na ya siku za mwisho zinawekwa pamoja, hakuna maneno yenye kuhitajika. Mwaka huo mmoja, karibu 30% ya matumbawe ya ule mwamba mkubwa wa Australia yalipotea. Na ule mfano wa homa, kwamba digri 2 za ziada baharini zinafanana na digri 2 za ziada mu mwili wa mtu, ni mzuri sana. Nimeusikia kwa midomo ya watu wenye hawajaona filimu.

Sasa tufike Nouvelle-Calédonie. Pale filimu inasema jambo la kweli: zile rangi ni kinga ya jua yenye tumbawe linajitengenezea. Lakini haikai hapo. Inakimbia mbele, inaigeuza kinga kuwa kilio cha mwisho, uzuri wa kufa. Muziki unapanda, juu ya maji watu wanajifurahisha bila habari, na wewe mtazamaji unatoka na somo moja: rangi kali ni kifo. Kama sinema, ni kubwa. Kama uchunguzi wa mgonjwa, daktari ametoka chumbani kabla ya kumaliza kupima.

Chukua mahindi. Ku udongo wetu mwekundu wenye asidi, ule wenye chuma na aluminiamu nyingi, fosforasi inafungwa, mmea hauipati hata kama iko ndani ya ardhi. Mahindi machanga yanaanza kugeuka zambarau pembeni mwa majani. Mgeni anapita, anapiga picha: ona rangi hii! Mwenye kukata tamaa anapita: imekufa, ng'oeni. Mwenye kujua kazi anainama. Anaangalia ni majani gani yameanza, ya chini ao ya juu. Anauliza kama usiku kulikuwa baridi, anauliza mwaka jana waliweka nini ku shamba lile. Kwa sababu ile zambarau, antosianini, ni alama ya njaa na pia ni mwavuli: jani lenye njaa ya fosforasi halina nguvu ya kutumia jua lote lenye linapokea, linajifunika. Mbolea ya fosfati ikiingia mapema, majani mapya yanatoka kijani. Isipoingia, mavuno yanakwenda. Rangi ni moja, miisho ni mbili, na mwenye kutofautisha ni yule mwenye kuuliza maswali.

Kwa matumbawe ni vilevile kabisa, na hapa si mfano wa kupendeza masikio tu. Mu 2020 watu wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, mu maabara ya Jörg Wiedenmann, walitoa uchunguzi juu ya huku kupauka kwa rangi. Waliufanya kwa kiasi kikubwa ndani ya matangi, si baharini. Walichokuta ni hiki: mwani ukipungua, mwanga unaingia ndani ya mnyama, unagonga mfupa mweupe, unarudi, unagonga tena, mpaka ndani mwake kunakuwa mwanga mwingi kuliko zamani. Mwanga huo, zaidi ile sehemu ya buluu, unaamsha mnyama kutengeneza protini za rangi. Protini zinafunika kama pazia. Chini ya pazia kunapoa jua, na mwani wenye ulibaki unapata fasi ya kurudi na kuongezeka. Ukirudi, unakula mwanga, na rangi kali inashuka yenyewe. Tena wakaangalia matukio ya kupauka kwa rangi ya kati ya 2010 na 2019, wakakuta mara nyingi yanafuata joto la wastani ao la muda mfupi, ao kuvurugika kwa chakula mu maji. Joto kali la muda mrefu linapeleka moja kwa moja ku weupe na kifo, bila sherehe.

Kwa hiyo wenye kuandika "hayo yanakufa" chini ya ile video wamesema nusu. Linaloonekana pale ni mgonjwa mwenye kupigana. Anaweza kushinda kama joto litashuka kwa wakati. Orlowski hakuweza kusoma mu 2017 kitu chenye kilitoka 2020, na simlaumu kwa hilo. Ninamlaumu kwa kitu kingine: alikuwa na mtu karibu yake, mbele ya kamera yake, mwenye angemfundisha kuinama.

Mtu huyo ni Zack Rago. Filimu inamtambulisha kama kijana wa Colorado, jimbo lisilo na bahari hata kidogo, mwenye wazimu wa matumbawe na mwenye kuyafuga nyumbani mu akwariamu. Siye wenye kukaa mbali na bahari tungemuelewa haraka. Lakini filimu inatumia lile tangi sawa vile sinema zinatumia picha ya mama ku ukuta: ili tumpende mtu. Dakika chache, kiisha tunaondoka. Na lile tangi njo shamba la majaribio.

Wafugaji wa matumbawe ku nyumba ni watu wa ajabu, na miye kama mwanaagronomia ninawaheshimu. Mtu anachukua kioo cha lita 200, maji yenye yamechujwa mpaka hayabaki na kitu, anatia chumvi gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Joto digri 25 ao 26. Kalsiamu karibu miligramu 420 kwa lita, magnesiamu karibu 1300: ni tarakimu za bahari yenyewe, anajaribu kuzifuata. Kiisha iko alkaliniti, yaani akiba ya maji ya kuzuia asidi, yenye mnyama anatumia pia kujenga mfupa; inapungua kila siku matumbawe yanapokua, na mfugaji lazima airudishe kila siku. Mwenye kuipandisha na kuishusha ovyo anaua kuliko mwenye kuishikilia ku tarakimu isiyo kamili. Kwetu hapa, na hii kurani ya kuja na kuondoka, tangi la namna hiyo lingekufa juma la kwanza: pampu ikisimama saa kadhaa, maji hayatembei, oksijeni inakwisha. Sisemi mtu alijaribu. Nasema tu mujue ni kazi ya namna gani.

Na swali lao la kila siku ni rangi. Tumbawe la Acropora lilinunuliwa likiwa buluu, baada ya miezi miwili limekuwa kahawia kama majani ya chai. Mgeni anasema linakufa. Hapana: kahawia ni rangi ya mwani. Limejaza mwani kwa sababu mwanga ni mdogo ao chakula mu maji ni kingi, kama vile mahindi yenye kushiba nitrojeni yanavyokuwa kijani nzito na kuanguka kwa upepo wa kwanza. Mara nyingi tumbawe la kahawia liko na afya kuliko lile lenye kuvutia macho, na linakua mbio. Kuna lenye kupauka polepole, rangi yake inakuwa ya maziwa. Hapo mfugaji anauliza: nilipandisha taa juzi? Nilisafisha maji kupita kiasi? Kuna lenye kuungua ku ncha tu, ncha nyeupe na mwili uko sawa. Wafugaji wengi wamejifunza kutafuta alkaliniti ya juu mu maji yenye hayana chakula, yaani mfupa unataka kwenda mbele na nyama imebaki nyuma kwa njaa. Na kuna lenye kuwaka ghafla, rangi kali yenye halikuwa nayo wakati liliingia, siku chache baada ya mtu kununua taa mpya. Mwenye tangi mgeni anafurahi, anapiga picha. Mzee wa kazi anateremsha taa, kwa sababu anajua pazia lile limefungwa kwa nini, na ataipandisha tena kidogo-kidogo kwa majuma.

Juu ya chakula wafugaji wana historia yenye inanigusa. Mu miaka ya 2000 mtindo ulikuwa maji safi kabisa: nitrati sifuri, fosfati sifuri, maana bahari ya matumbawe inajulikana kuwa maskini wa virutubisho. Mwani ulipungua, rangi za mnyama zikaonekana wazi, zile rangi laini za pipi, na watu wakasema tumefika. Lakini matangi mengi ya namna hiyo yalikuwa ku ukingo: kosa dogo la taa ao la joto, tumbawe linapauka lote na kuachia nyama. Waliisahau hesabu ndogo. Bahari iko na virutubisho kidogo mu maji, ndiyo, lakini haiachi kuvileta: wadudu wadogo usiku, uchafu wa samaki, maji yenye kutembea bila kusimama. Kioo cha lita 200 hakina hayo yote. Leo wengi wanashikilia nitrati kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita na fosfati kati ya 0.03 na 0.1, na wanaogopa sifuri kuliko wanavyoogopa kidogo kuzidi. Tena maabara ileile ya Southampton ilikuwa imeonyesha, miaka kadhaa kabla ya filimu, kwamba nitrojeni ikiwa nyingi na fosfati ikikosa, mwani ndani ya tumbawe unapata njaa ya fosforasi na mnyama anapauka kwa joto na mwanga wenye angevumilia. Wenzangu wa agronomia, munaona? Sheria ya kirutubisho chenye kupungua, ile ya Liebig yenye tulikariri mwaka wa kwanza, iko inafanya kazi chini ya bahari.

Kitu hicho hakimo mu filimu. Nimeiangalia mara mbili nikitafuta neno chakula kwa upande wa tumbawe lenyewe, na filimu nzima inasimama juu ya joto peke yake. Ninaelewa kwa nini. Joto njo adui mkubwa, bahari imemeza zaidi ya 90% ya joto la ziada lenye tumeongeza duniani, na mtu akitaja mambo mengi watazamaji wanapotea. Lakini mbolea yenye kutoka mashambani, mito yenye kuleta udongo, maji machafu ya miji, hayo yote yanaingia mu mapatano ya mnyama na mwani wake, na ni mambo yenye mtu wa kijiji cha pwani ao ofisa wa kilimo anaweza kugusa mwaka huu bila kungoja mkutano wa mataifa. Filimu inamwacha mtazamaji na machozi na anwani moja tu ya kuyapeleka, nayo iko mbali.

Mtu atanijibu kwamba ninawapamba wafugaji. Basi niseme na upande wao mbaya, maana wao pia wanasoma rangi vibaya, kwa njia nyingine: wanaiuza. Kipande cha sentimita chache cha tumbawe chenye jina la kuvutia, kuna Acropora yenye inaitwa Walt Disney na nyingine Homewrecker, yaani mvunja-nyumba, kinaweza kufika mamia ya dola. Picha za kuuza zinapigwa chini ya taa ya buluu kali, kwa sababu buluu njo inaamsha zile protini kuwaka. Mnunuzi anapeleka nyumbani, anawasha taa nyeupe, anakuta kitu cha kahawia na kijani kidogo. Hakuibiwa tumbawe. Aliibiwa mwanga. Na tukicheka, tukumbuke kwamba biashara hiyo inatujua: wafugaji wa Ulaya na Amerika wako na samaki wa Ziwa Tanganyika mwenye kuuzwa mpaka leo kwa jina la Moba na Zaire, kwa sababu buluu ya upande ule inapendwa. Nchi ilibadilisha jina mu 1997, samaki hakuambiwa.

Hata hivyo, mkono wa mfugaji unakata tumbawe kama vile mama wa shamba anavyokata miti ya muhogo: kipande, kinafungwa ku jiwe, kinaota, kinagawanywa kwa jirani. Tumbawe moja lenye lilitolewa baharini zamani liko leo mu nyumba elfu, na kila nyumba ni kipande kimoja chenye hakikuvunjwa tena kwa mwamba. Ujuzi huo haukubaki ku nyumba. Akwariamu ya Monaco inafuga matumbawe hai tangu mwisho wa miaka ya 1980. Ku Horniman Museum, London, waliyafanya Acropora yatoe mayai kwa wakati wenye kupangwa, ndani ya tangi, kwa kuiga mwezi, jua na majira ya joto. Ku Florida mu 2019 akwariamu moja ilifanya vilevile na tumbawe la nguzo, lenye karibu limekwisha kule baharini. Na Ruth Gates, yule mwanasayansi mwenye kuonekana mu filimu hii na mwenye alitutoka mu 2018, kazi yake Hawaii ilikuwa kutafuta na kuzalisha matumbawe yenye kuvumilia joto. Alihitaji matangi. Mwaka wa 2024 ilitangazwa kwamba dunia imeingia kupauka kwa nne kwa mabahari yote. Mbegu yenye itarudishwa ku miamba, kama itarudishwa, sehemu kubwa itatoka ku watu wenye walijifunza kutofautisha kahawia ya shibe na nyeupe ya njaa.

Ninajua jibu la mwisho la wenye kuipenda filimu: Orlowski alitaka kuamsha watu, hakutaka kufundisha ufugaji. Kweli. Na ameamsha wengi, pamoja na wale wa WhatsApp. Lakini mtu mwenye ameamshwa kwa rangi peke yake, ukimwonyesha mwamba wa kahawia wenye afya, ataona hakuna kitu. Ukimwonyesha mwamba wenye kuwaka kwa homa, atalia ao atasifu, kutegemea maandishi ya chini. Miamba mingi yenye afya ni ya kahawia, ya njano-njano, ya kijani ya zeituni. Filimu yenyewe, kabla ya msiba kuanza, inachagua kutuonyesha ile yenye kupendeza zaidi, sawa vile kalenda zinavyofanya.

Kuna fasi moja tu ambapo Chasing Coral inakaribia kuinama. Ni Rago ku Lizard Island, majuma yanapita, anaingia majini asubuhi na kukuta nyama ya matumbawe inaoza na kutembea na maji, na anasema wazi kwamba imemshinda moyo. Watazamaji wengi wanaona pale mpenzi wa bahari mwenye kulia. Miye naona mfugaji. Mtu mwenye kufuga mnyama huyu nyumbani anajua, mu kila hatua, kile ambacho angefanya kama lingekuwa tangi lake: kushusha taa, kupoza maji, kulisha usiku, kungoja. Pale amezungukwa na kilomita za maji moto, ana kamera mkononi, na hakuna kitasa cha kuzungusha. Njo sababu analia kuliko wenzake. Orlowski anatupa yale machozi bila kutupa ule ujuzi wenye kuyaeleza, na ingehitajika dakika kumi tu ku Colorado: tangi, mtu, chupa za kupimia, tumbawe moja lenye kupauka na kurudi.

Ningependa kujua pia nani alibaki analichunga lile tangi majuma yale yote yeye akiwa Australia. Nani alikuwa anapima alkaliniti, nani alitupa chakula usiku, na siku alirudi nyumbani alikuta rangi gani.